NENO LA TAWI: ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO. TUGOMBEE KAMATI YA URASIMISHAJI



Tangazo la serikali ya mtaa mmeliona. Jumamosi ya wiki ijayo, saa 4 asubuhi, uwanja wa shule ya msingi, kutakuwa na mkutano mkuu wa mtaa, na ajenda ya pili ni kuchagua kamati ya urasimishaji. Uongozi wa tawi ulikaa Jumapili ukaijadili ajenda hiyo, na tumeona msimamo wetu uwafikie wote mapema, kabla maneno ya vijiweni hayajatangulia.

Msimamo ni huu: wanachama wetu wajitokeze kugombea, wote tufike kupiga kura, na watakaochaguliwa wakafanye kazi ya mtaa mzima, si kazi ya chama. Sababu tunazieleza hapa chini. Ujumbe ni mrefu kidogo. Usome taratibu, kisha msomee na jirani asiye na simu janja.

*KAMATI HII NI YA NINI?*

Mtaa wetu ulijengwa kabla haujapangwa, kama ilivyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi wameongezeka zaidi ya watu milioni moja, na wengi hawakuwa na uwezo wa kusubiri kiwanja kilichopimwa. Mtu alinunua kipande cha shamba kwa mwenyeji, wakaandikishana mbele ya mjumbe, akaanza na chumba kimoja. Ndivyo wengi wetu tulivyofika hapa.

Urasimishaji ni kuutambua mtaa wa namna hiyo, kuupanga bila kuubomoa wote, kuupima, kisha kuwapa watu hati zao. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inautambua utaratibu huo, na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 ndiyo inayoongoza upangaji wenyewe. Kazi huenda kwa hatua. Kwanza wananchi wanaelimishwa na kukubaliana. Pili mipaka ya kila mmoja inatambuliwa, mwenye eneo akiwepo na majirani zake wakiwepo. Tatu wataalamu wanaandaa mchoro wa mipango miji: viwanja, barabara, mitaro, maeneo ya huduma. Nne mchoro unapelekwa kuidhinishwa. Tano ndipo mpimaji anakuja kuweka mawe ya mipaka, na hati zinaandaliwa.

Kamati ya mtaa inakuwepo kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Inatembea na wataalamu, inasuluhisha ugomvi wa mipaka, inafuatilia michango, inaleta taarifa mkutanoni. Haina mamlaka ya kuidhinisha mchoro. Hilo ni la halmashauri na mamlaka za ardhi zilizo juu yake. Lakini kinachofika juu ni kile kilichokubaliwa huku chini, na huku chini anayeshika kalamu ni kamati.

Wapo wanaosema kamati hizi ni za kugonga mihuri tu. Muhuri unagongwa bila maswali pale waliochaguliwa wanapokuwa hawajui wanachosaini. Dawa yake ni kuchagua watu watakaouliza.

*KWA NINI TUSIKAE PEMBENI*

Mtaalamu anayekuja kuchora ana picha ya anga na vipimo vyake. Picha inamwonyesha mabati. Haimwonyeshi kwamba njia ya nyuma ya msikiti ndiyo wanayopita watoto wote wa bondeni kwenda shule, wala kwamba maji ya mvua za masika yanakata kona kwenye mwembe mkubwa na kuingia kwenye nyumba sita. Haimwonyeshi pia kwamba kile kiwanja kinachoonekana kitupu ndipo tunapoweka turubai tukifiwa. Mambo hayo yako kwenye vichwa vyetu. Asipokuwepo wa kuyasema wakati wa kuchora, hayataingia.

Mchoro ukishaidhinishwa, kuubadilisha ni safari ndefu ya barua na nauli. Barabara ambayo haikutengewa eneo lake ni vigumu kuipigania TARURA. Mtaro usiokuwemo kwenye mchoro utachimbwa wapi, na kwa idhini ya nani? Sehemu iliyoandikwa kiwanja cha mtu haitarudi kuwa uwanja wa watoto.

Tunachozungumzia si ramani ya ukutani. Ni kama gari la zimamoto litafika kwako au litasimama barabara kubwa. Ni kama gari la kunyonya majitaka litaingia choo kikijaa, au utaendelea kungoja mvua kubwa kama wanavyofanya baadhi ya watu usiku, na wa bondeni wakapokea. Ni kama mama mwenye uchungu atabebwa na bajaji kutoka mlangoni, au atatembezwa mita mia mbili ameshikwa mabega.

*WALIOTANGULIA WALIFANYAJE*

Hatuanzi sisi. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990, wananchi wa eneo lililokuwa likijaa maji walijiunga katika chama chao cha maendeleo wakashiriki kupanga na kujenga mitaro na barabara za ndani. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa miongoni mwa waliosaidia. Wakazi wenyewe ndio walioajiriwa kwenye ujenzi, wanawake wakiwemo. Mtaro unaoujenga mwenyewe unajua pia namna ya kuuzibua.

Ubungo Darajani nako, wakazi waliunda umoja wao, wakachanga fedha, wakafanya kazi na wataalamu wa chuo cha ardhi, ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi. Walikaa kikao baada ya kikao kujadili nani asogeze mpaka ili njia ipite. Haikuwa rahisi wala haraka. Lakini mazungumzo yalifanyika kati ya jirani na jirani, kabla jiwe la mpaka halijachimbiwa.

Na majirani zetu wa Nairobi wana funzo la karibuni. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa. Ni makazi yenye kaya zaidi ya laki moja. Wakazi walijipanga kwa makundi madogo ya nyumba kumi kumi, kila kundi likatoa sauti yake hadi juu, wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, vyuo vikuu na mashirika mengine. Swali gumu lilikuwa upana wa barabara. Wangefuata vipimo vya kawaida vya mji, watu wengi mno wangekosa pa kukaa. Kwa kuwa wenyewe walikuwepo mezani, ikatafutwa njia ya barabara nyembamba zinazotosha, bila kufukuza umati.

Hapo ndipo tunapotaka mtaa wetu ufike: wataalamu walete utaalamu wao, sisi tulete tunayoyajua, mchoro utoke kwa pamoja.

*SASA TUSEME LILILO GUMU*

Kila mtu mtaani anataka barabara. Hakuna anayetaka ipite kwake. Tusidanganyane katika hili, maana kamati itafaulu au itakwama hapa.

Tuchukue mfano. Njia ya kwenu leo ina upana wa mita 2. Ili gari lipite inahitajika mita 6. Zimepungua mita 4, maana yake kila upande utoe mita 2. Kama eneo lako ni mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300, na mita 15 ndizo zinazotazama njia, utatoa mita za mraba 30. Ni sehemu moja ya kumi ya eneo lako. Si kidogo. Huenda ndipo ulipojenga kibaraza cha duka au choo cha wapangaji.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Eneo la mita 270 lenye barabara na hati lina thamani gani, ukilinganisha na la mita 300 ambalo jeneza linatolewa kwa kupindishwa? Kila mmoja ajibu mwenyewe.

Tunaiomba kamati itakayochaguliwa isimamie mambo matatu katika hili. La kwanza, njia ikipanuliwa, pande zote mbili zitoe sawasawa, isipokuwa pale penye nyumba ya kudumu ambayo haiwezi kuguswa, na sababu isemwe mkutanoni. La pili, mkutano ujadili kama wale wasiopoteza hata hatua moja wachangie zaidi, ili anayebomoa ukuta wake asibebe mzigo wa wote peke yake. La tatu, asipatikane mtu ambaye mstari unapinda ukifika kwenye geti lake. Awe mfanyabiashara, awe mstaafu, awe kiongozi.

Na tukisema kiongozi, tunaanza na sisi. Kibanda cha tawi kiko kona ya njia ya kisimani, wote mnakijua. Uongozi umeazimia: mchoro ukionyesha njia inapita hapo, kibanda kitahamishwa kwa gharama zetu, na kitakuwa cha kwanza kutoka, kabla ya ukuta wa mwananchi yeyote. Bendera tutaisimika pengine. Wanachama waliochangia bati na saruji tunawaomba walipokee hili kwa moyo mmoja. Hatuwezi kusimama mkutanoni kumwomba mjane atoe mita mbili huku mlingoti wetu umesimama katikati ya barabara.

*KWA NDUGU ZETU WA BONDENI*

Tunajua hofu yenu, na hatutaki mtu awachezee nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kamati ya mtaa haiwezi kuifuta sheria hiyo. Mgombea yeyote atakayekuja kuwaahidi hati ndani ya mita hizo ili mumpe kura, awe wa chama chetu au cha wengine, anawauza.

Kinachowezekana ni hiki: mto upimwe mapema na mbele yenu, mjue nani yumo na nani hayumo, badala ya kuamka asubuhi mkakuta alama ya X nyekundu ukutani. Kinachowezekana pia ni mitaro ya huku juu ipangwe ili maji yetu yasiendelee kuwashukia ninyi. Na walio nje ya mita 60 wasichanganywe na walio ndani kwa uvivu wa mtu kushika futi. Haya ni mambo ya kupigania, na yanahitaji angalau mjumbe mmoja anayeishi bondeni. Tunawaomba mumtafute mapema, mumlete.

*FEDHA*

Katika mitaa kadhaa ya jiji hili wananchi walichanga, kampuni ikaanza kazi, kisha kazi ikalala. Watu wana risiti, hati hawana. Yasitupate hapa.

Kamati inayofaa itafanya haya. Michango yote ipite benki, katika akaunti ya mradi, na asipokee mtu fedha mkononi, hata kama ni balozi wetu anayeheshimika. Mkataba na kampuni usomwe mkutanoni kwa Kiswahili kabla haujasainiwa, ukieleza kila hatua inakamilika lini na italipwa kiasi gani. Kampuni ilipwe kwa hatua iliyokamilika, si kwa ahadi. Mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi, na picha ya karatasi hiyo itumwe kwenye makundi yote ya simu, siyo letu peke yake.

Mwanachama wetu akichaguliwa halafu karatasi hiyo isibandikwe kwa miezi miwili, asitegemee tawi limtetee. Tutakuwa wa kwanza kumuuliza.

*AKINA MAMA NA WAPANGAJI*

Wakati wa utambuzi wa mipaka, jina litakaloandikwa kwenye fomu ndilo litakalotembea hadi kwenye hati. Sheria ya Ardhi inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini sheria haiji yenyewe mlangoni kujaza fomu. Nyumba iliyojengwa na wawili iandikwe majina mawili. Mjane asiambiwe asubiri shemeji atoke mkoani. Kamati isiyo na akina mama wa kutosha itayaona haya ni mambo ya ndani ya nyumba za watu, itapita. Kwa hiyo tunataka wanachama wanawake wagombee kwa wingi, na wanaume tuwaunge mkono kwa kura, siyo kwa makofi.

Wapangaji nao wasiseme hili haliwahusu. Hati hutapata, ni kweli. Lakini mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, sio wa wenye nyumba tu. Choo unachotumia, njia unayopita saa 11 alfajiri kuwahi daladala, taa ya usiku, mtoto wako anachezea wapi, vyote viko kwenye mchoro huu. Njoo upige kura.

*NANI AGOMBEE?*

Hapa kuna mjadala ndani ya tawi, na tuuweke wazi. Baadhi ya wanachama wanataka tuandae orodha yetu, tujaze kamati yote watu wetu, tuwafungie nje wenzetu wa vyama vingine. Hoja yao tunaielewa: uchaguzi wa mtaa ulikuwa na joto, na uchungu wake haujaisha.

Uongozi haukukubaliana nao. Maji ya mvua hayaulizi kadi ya chama. Kamati ikionekana ni ya upande mmoja, nusu ya mtaa itagoma kusogeza mipaka, na barabara iliyotolewa eneo na nusu ya watu haifiki popote. Tawi halitatoa orodha. Tutawahimiza wanachama wagombee kama wakazi, na kama jirani wa chama kingine anafaa kuliko wetu, mpeni kura bila kuogopa kuitwa msaliti.

Tunachotoa ni vigezo, mvitumie kwa kila mgombea:

1. Awe mkazi anayeishi hapa hasa, si mwenye kiwanja anayekuja mwisho wa mwezi kukusanya kodi.

2. Asiwe dalali wa viwanja, wala asiwe na ugomvi wa mpaka ulioko baraza la ardhi. Huwezi kuwa refa na mchezaji.

3. Aseme mbele ya mkutano ana maeneo mangapi mtaani na yako wapi.

4. Awe na muda. Kazi hii ni ya kutembea juani, Jumamosi na siku za kazi, na haina mshahara.

5. Awe mtu anayeweza kumwambia rafiki yake hapana.

Tunahitaji pia kijana mmoja au wawili wanaoweza kusoma ramani kwenye simu, na mzee mmoja au wawili wanaojua shamba hili lilikuwa la nani na mpaka wa zamani ulipita wapi. Mkiwaweka pamoja watasaidiana.

*TUFANYE NINI KUANZIA LEO*

Anayetaka kugombea amwone mwenyekiti wa mtaa au afisa mtendaji wa mtaa ili ajue utaratibu uliopangwa. Hakuna haja ya kupita kwetu kuomba ruhusa.

Viongozi wa mashina wapite nyumba kwa nyumba kabla ya Ijumaa, wakumbushe siku na saa. Wapite nyumba zote, zenye bendera yetu na zisizo nayo.

Kila mwenye eneo atafute karatasi zake za mauziano azitoe sandukuni. Kama mashahidi bado wako hai, akazungumze nao sasa.

Majirani wenye ugomvi mdogo wa mpaka wakae wenyewe wiki hii. Futi moja iliyomalizwa kwa chai inaokoa mwaka mzima wa baraza.

Na kila mmoja atembee njia yake ya kila siku akijiuliza: hapa gari lingepita wapi, maji yangeenda wapi, watoto wangecheza wapi? Aje na jibu lake mkutanoni.

Ndugu wanachama, chama kinapimwa kwa mambo mengi, kura zikiwemo. Lakini miaka 20 ijayo, mtoto anayezaliwa leo bondeni hatakumbuka nani alishinda uenyekiti mwaka gani. Atakuwa anapita kwenye njia ambayo upana wake utaamuliwa na kamati ya Jumamosi hiyo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tuwepo.

Saa 4 asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Njoo na kitambulisho, njoo na mwavuli, na mlete jirani.

Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Uongozi wa Tawi.
Tafadhali sambaza kwa wakazi wote wa mtaa.